Jimbo, uhuru, ushirika huru au kubaki hivi: kulinganisha njia nne za Puerto Rico

Tarehe 5 Novemba 2024 wapiga kura wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kilicho chini ya Marekani, walipewa karatasi yenye chaguo tatu: kuwa jimbo la Marekani, kuwa nchi huru, au kuwa nchi huru yenye mkataba maalumu wa ushirika na Marekani. Kuwa jimbo kulipata takriban asilimia 59 ya kura halali, ushirika huru karibu asilimia 30, na uhuru kamili kama asilimia 12. Hiyo ilikuwa kura ya saba ya aina hiyo tangu 1967. Kama zile sita zilizotangulia, haikumlazimisha yeyote mjini Washington kufanya lolote, na kisiwa kimebaki kilivyokuwa.

Kampeni za kura hizi huuza majina, na majina hayamsaidii mtu kuamua. Kinachosaidia ni kuiuliza kila njia maswali yaleyale. Nitakuwa raia wa nani, na mtoto wangu je? Nitalipa kodi gani, kwa nani? Nitapata msaada gani? Nani atanisemea? Na nani ataweza kubadili masharti bila kuniuliza? Swali hilo la mwisho ndilo tunalolipa uzito kuliko yote.

Hali ilivyo sasa

Hispania iliikabidhi Puerto Rico kwa Marekani mwaka 1898. Mwaka 1901, katika kesi ya Downes v. Bidwell, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kisiwa ni mali ya Marekani lakini si sehemu kamili ya Marekani, kwa hiyo si kila kifungu cha katiba kinatumika huko. Uraia ulitolewa kwa sheria ya 1917. Mwaka 1952 wakazi walipata katiba yao ya ndani, na hadhi hiyo ndiyo inayoitwa Estado Libre Asociado, au ELA kwa kifupi.

Kwa miaka mingi chama cha Popular Democrático kiliwaeleza watu kwamba ELA ni mapatano kati ya pande mbili, na kwamba hakuna upande unaoweza kuyavunja peke yake. Mwezi Juni 2016 hoja hiyo ilipata mapigo mawili. Kwanza, katika kesi ya Sanchez Valle, mahakama ilisema kwamba chanzo cha mamlaka ya kisiwa ya kushtaki wahalifu ni Kongresi yenyewe, yaani bunge la Marekani. Pili, Kongresi ilipitisha sheria ya PROMESA na kuunda bodi ya watu saba ya kusimamia fedha za kisiwa, ambacho kilikuwa kinadaiwa zaidi ya dola bilioni 70. Wajumbe hao hawachaguliwi na wakazi, lakini wanaweza kuikataa bajeti iliyopitishwa na wabunge waliochaguliwa. Mitaani bodi hiyo inaitwa la Junta, na hakuna chama kinachojivunia kuitetea.

ELA ina faida zake, na ni za kweli: uraia wa Marekani, hakuna kodi ya mapato ya serikali kuu kwa kipato kinachopatikana kisiwani, timu ya taifa kwenye Olimpiki, na mambo ya ndani kuendeshwa kwa Kihispania. Udhaifu wake ni kwamba kila kimoja kati ya vitu hivyo kinasimama juu ya sheria ya kawaida, au juu ya ukimya wa Kongresi.

Uraia

Hapa ndipo wapiga kura wengi huamulia, na ndipo pana maelezo mengi ya kupotosha.

Chini ya ujimbo jambo ni rahisi. Anayezaliwa San Juan anakuwa raia kwa katiba, sawa na anayezaliwa Chicago. Kwa sasa uraia wa mzaliwa wa kisiwani unategemea sheria ya Kongresi. Hatusemi kwamba kuna mtu anapanga kuwavua uraia watu walio hai; jambo hilo lingekwama mahakamani. Suala ni la watoto ambao hawajazaliwa, kwa sababu sheria inaweza kubadilishwa kwa ajili ya wanaokuja.

Chini ya uhuru, mfano unaotajwa sana ni Ufilipino, iliyoahidiwa uhuru kwa sheria ya 1934 na kuupata tarehe 4 Julai 1946. Uutumie mfano huo kwa tahadhari. Wafilipino hawakuwa raia wa Marekani. Walikuwa watu walio chini ya himaya yake. Puerto Rico ina raia zaidi ya milioni tatu, na Marekani haijawahi kuipa uhuru nchi ya namna hiyo.

Ushirika huru ndio unaohitaji kusomwa kwa makini zaidi. Nchi tatu zinaishi hivyo na Marekani leo: Mikronesia na Visiwa vya Marshall tangu 1986, na Palau tangu 1994. Watu wao wanaingia, wanaishi na kufanya kazi Marekani bila viza, lakini si raia wa Marekani. Wanaoupigia debe ushirika huru Puerto Rico huahidi uraia utabaki. Maandishi ya karibu zaidi na ahadi hiyo yalikuwa mswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi tarehe 15 Desemba 2022, kwa kura 233 dhidi ya 191. Kwa mswada huo, waliokwisha kuwa raia wangebaki raia, na mtoto wa wazazi wawili walio raia angezaliwa raia kwa muda wa mkataba wa kwanza tu. Baada ya hapo, hakuna uhakika. Seneti haikuupigia kura, kwa hiyo hata ahadi hiyo si sheria.

Kodi na misaada: hesabu lazima ifanywe kwa pamoja

Kosa la kawaida ni kuitazama kodi bila misaada, au misaada bila kodi. Zote mbili hubadilika siku moja.

Leo mfanyakazi wa Ponce, mji wa kisiwani, analipa makato ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee) kama mfanyakazi wa Texas. Analipa pia kodi ya mapato kwa serikali ya kisiwa, ambayo kiwango chake cha juu ni asilimia 33, na anapokwenda dukani analipa kodi ya mauzo ya asilimia 11.5. Asichokilipa ni kodi ya mapato ya serikali kuu kwa kipato cha kisiwani. Ujimbo ungeondoa msamaha huo, kwa sababu katiba inadai ushuru wa serikali kuu uwe sawa katika majimbo yote. Kipindi cha mpito kinaweza kuwekwa, lakini msamaha wa kudumu hauwezekani.

Je, familia ya kawaida ingeumia? Nyingi zisingeumia. Kipato cha kati cha kaya huko ni kidogo kuliko cha jimbo lolote. Kwa kipato hicho kodi inayodaiwa ni ndogo au hakuna, na kuna nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini ambayo hurudisha fedha mkononi. Wangeumia watu wa kipato cha juu, pamoja na wawekezaji waliohamia kisiwani kufuata sheria ya ndani inayosamehe kodi ya faida ya mtaji. Lakini kampuni ndizo zingeguswa zaidi. Kwa kodi, viwanda vingi vya dawa vilivyoko kisiwani huhesabiwa kana kwamba viko nchi ya nje. Mwaka 2014 ofisi ya ukaguzi ya Kongresi ilikadiria kwamba kisiwa kingekuwa jimbo, kodi ya mapato ya watu binafsi kwa 2010 ingefika dola bilioni 2.2 hadi 2.3, ilhali kodi ya kampuni kwa 2009 ingekuwa kati ya bilioni 5 na 9.3. Makisio hayo ya pili yanachukulia kwamba hakuna kampuni ambayo ingehama, na hapo linabaki swali moja lisilo na jibu: ni kampuni ngapi zingefunga virago? Anayehofia ujimbo kwa sababu ya ajira za viwandani ana hoja nzito, nzito kuliko ya anayehofia kodi ya mshahara wake.

Sasa misaada. SSI, malipo ya kila mwezi kwa wazee na walemavu maskini, haitolewi Puerto Rico. Mwanamume mmoja alihama kutoka New York kwenda kisiwani akaendelea kupokea malipo hayo. Serikali ikamdai arudishe zaidi ya dola 28,000. Mwaka 2022, katika kesi ya Vaello Madero, Mahakama Kuu ilisema kwa majaji 8 dhidi ya 1 kwamba Kongresi ina ruhusa ya kuwatenga wakazi wa kisiwa, na ikataja kama sababu kwamba hawalipi kodi nyingi za serikali kuu. Makisio ya 2014 yalionyesha kwamba chini ya ujimbo SSI ingeleta dola bilioni 1.5 hadi 1.8 kwa mwaka, wakati mpango uliopo badala yake ulitumia milioni 24.

Chakula ni vivyo hivyo. Tangu 1982 kisiwa hupewa fungu la fedha lenye kikomo, ilhali katika majimbo msaada wa chakula hupanuka wenyewe idadi ya wahitaji inapoongezeka. Kimbunga kikipiga Florida, mpango hukua. Kikipiga Puerto Rico, lazima Kongresi ipitishe sheria ya nyongeza wakati watu wana njaa. Kwenye Medicaid, bima ya afya ya maskini, mchango wa serikali kuu uliowekwa na sheria ni asilimia 55. Umepandishwa hadi 76, lakini mpaka Septemba 2027 tu. Kwa kanuni inayotumika kwa majimbo, kisiwa maskini hivyo kingestahili kiwango cha juu kabisa, asilimia 83, bila kuomba upya kila miaka michache.

Chini ya uhuru au ushirika huru, serikali mpya ndiyo ingepanga kodi zote, na ingeweza kuwavutia wawekezaji kwa viwango vyake. Pensheni za Social Security zilizokwisha kuchumwa kwa makato, miswada yote mizito imeahidi kuziheshimu. Misaada mingine ingegeuka fungu lenye tarehe ya mwisho. Mikataba ya nchi tatu za Pasifiki ilifanywa upya mwaka 2024 kwa dola bilioni 7.1 kwa miaka 20, na nchi hizo kwa jumla hazifiki watu laki mbili. Usichukue kiasi hicho ukakizidisha kwa wakazi wa Puerto Rico. Marekani inalipia nafasi ya kijeshi kwenye bahari kubwa mno, na Karibi haina bei hiyo.

Kusemewa Washington

Leo kisiwa kina mjumbe mmoja katika Baraza la Wawakilishi, asiye na kura ya mwisho kwenye miswada, na wakazi hawapigi kura ya rais. Raia huyohuyo akihamia Orlando anampigia rais kura. Kama jimbo, kisiwa kingepata maseneta 2, wawakilishi wapatao 4 na kura 6 za kumchagua rais. Viti vya Baraza ni 435 kwa sheria, kwa hiyo viti hivyo vinne hatimaye vingetoka kwa majimbo mengine. Hilo ni mojawapo ya sababu za upinzani ambazo hazisemwi hadharani. Uhuru na ushirika huru huondoa hata yule mjumbe mmoja, na kuleta mabalozi na kiti Umoja wa Mataifa.

Lugha, michezo, meli

Kihispania na Kiingereza ni lugha rasmi kisiwani tangu 1993, lakini mahakama ya serikali kuu mjini San Juan huendeshwa kwa Kiingereza, na asiyekijua hawezi kuwa mjumbe wa baraza la wazee wa mahakama. Ujimbo haulazimishi Kiingereza. Kongresi ndiyo inaweza kujaribu kukiweka kama sharti, kama ilivyoibana New Mexico kwa sheria ya 1910 kuhusu shule. Kinga ipo: katika kesi ya Coyle v. Smith ya 1911, mahakama ilisema kwamba jimbo likishaingia haliwezi kufungwa na masharti yanayolifanya pungufu kuliko mengine.

Timu ya Olimpiki, ambayo imeshiriki kivyake tangu 1948, hatuioni ikinusurika chini ya ujimbo. Mónica Puig alipoleta dhahabu ya kwanza mwaka 2016, hata wafuasi wa ujimbo walishangilia barabarani. Uzito wa hasara hiyo kila mtu atajipimia, ila asiambiwe kwamba haipo.

Kuhusu sheria ya 1920 inayodai mizigo kati ya bandari za Marekani ibebwe na meli zilizojengwa na kumilikiwa na Wamarekani: wengi hudhani ujimbo utaifuta. Hautaifuta. Hawaii na Alaska ni majimbo na inawabana hadi leo. Uhuru ungeiondoa.

Mlango upi hufunguka tena

Ujimbo haurudi nyuma. Mahakama ilikwisha kusema mwaka 1869, katika kesi ya Texas v. White, kwamba jimbo haliwezi kujitoa kwa uamuzi wake peke yake. Uhuru nao, kwa vitendo, haurudi. Mkataba wa ushirika unaweza kuvunjwa na upande wowote. Huo ni uhuru kwako, na pia ni hatari kwako, kwa sababu Marekani nayo ni upande. ELA peke yake ndiyo inayoacha milango mingine wazi, lakini funguo zake ziko mfukoni mwa Kongresi.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kama usichoweza kukipoteza ni uraia wa wajukuu na haki sawa ya misaada, chagua ujimbo, ukijua unaweka rehani viwanda na bendera ya Olimpiki. Kama usichoweza kukipoteza ni mamlaka ya kujitungia sheria za biashara, kodi na uhamiaji, chagua uhuru, na udai mpito usiopungua ule wa miaka kumi waliopewa Wafilipino. Ushirika huru unafaa kwa anayetaka mamlaka hayo pamoja na njia ya kwenda Marekani bila viza. Lakini kuupigia kura kabla mkataba haujaandikwa ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dai kwanza rasimu yenye kifungu cha uraia, kiasi cha fedha, muda, na namna ya kuuvunja. Kubaki na ELA tunaona ni chaguo dhaifu kuliko yote tangu 2016, ingawa ndilo linalomsumbua mtu kidogo kuliko yote mwaka wa kwanza.

Karatasi ya kura hupikwaje

Matokeo ya Puerto Rico yamepanda na kushuka kwa sababu ya maneno ya karatasi kuliko kwa sababu ya watu kubadili mawazo. Mwaka 1967 ELA ilipata asilimia 60. Mwaka 1993 ilipata 48.6 dhidi ya 46.3 za ujimbo. Mwaka 1998 wapinzani wa ELA waliandika maelezo yake kwa namna ambayo chama chake chenyewe kiliyakataa. Wafuasi wakachagua safu ya tano, “hakuna kati ya hizo”, na safu hiyo ikashinda kwa asilimia 50.3.

Mwaka 2012 yaliulizwa maswali mawili. La kwanza: unataka hadhi ya sasa iendelee? Asilimia 54 walisema hapana. La pili: ipi badala yake? Ujimbo ukapata asilimia 61, lakini karibu watu nusu milioni waliacha swali hilo tupu. Ukizihesabu kura tupu, ujimbo haufiki nusu. Mwaka 2017 ulipata asilimia 97, ila vyama pinzani vilisusia na waliojitokeza walikuwa asilimia 23 tu. Hakuna mbunge wa Washington aliyeuchukua ushindi huo kwa uzito. Kura ya 2020 ndiyo tunayoiona safi kuliko zote: swali moja la ndiyo au hapana kuhusu ujimbo, siku ya uchaguzi mkuu, asilimia 52.5 kwa 47.5. Mwaka 2024 ELA haikuwekwa kwenye karatasi, na zaidi ya watu laki moja waliacha karatasi tupu.

Ukisikia asilimia yoyote, tafuta mambo matatu kabla ya kuiamini: wangapi walijitokeza, ngapi ziliachwa tupu, na ni chaguo gani halikuwekwa.

Jambo la nne ni nani anaruhusiwa kupiga. Guam, kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Marekani, ilijaribu kuiweka kura ya hadhi yake kwa wenyeji wa asili na vizazi vyao. Mwaka 2019 mahakama ya rufaa, katika kesi ya Davis v. Guam, iliizuia kwa kuwa kigezo hicho kilikuwa cha rangi. Puerto Rico nayo, raia wa Marekani aliyehamia kutoka kwingine anapiga kura, na mzaliwa wa Mayagüez anayeishi New York hapigi, ingawa Wapuerto Rico walioko bara sasa ni wengi kuliko walioko kisiwani.

Kilichofanya kazi Alaska na Hawaii

Huko mpangilio wa hatua ulikuwa kinyume. Kura za maoni za awali zilikuwepo, Hawaii 1940 na Alaska 1946, lakini kura iliyoamua ilikuja baada ya Kongresi kupitisha sheria ya kuwaingiza. Wapiga kura waliulizwa mambo matatu: tuingie sasa, tukubali mipaka hii, na tukubali masharti yaliyomo kwenye sheria, pamoja na yale ya ardhi. Yote matatu yalipaswa kupata ndiyo. Alaska ilikubali Agosti 1958 kwa takriban watano dhidi ya mmoja na kuwa jimbo tarehe 3 Januari 1959. Hawaii ilikubali Juni 1959 kwa asilimia 94 na kuingia tarehe 21 Agosti. Hata hivyo, karatasi ya Hawaii haikuwa na chaguo la uhuru, na Wahawaii wa asili ambao ufalme wao ulipinduliwa mwaka 1893 wanalilalamikia hilo mpaka leo. Tena maeneo hayo mawili yalikuwa tayari yanalipa kodi ya mapato ya serikali kuu. Puerto Rico ingeanza upya.

Kwa katiba, kuingiza jimbo kunahitaji wingi wa kawaida katika mabaraza yote mawili na saini ya rais. Kwa utaratibu wa Seneti, mswada unaopingwa unahitaji kura 60 kati ya 100 ili mjadala ufungwe. Hapo ndipo kila kitu hukwama. Baadhi ya maeneo yalijaribu kusukuma mlango kwa kuchagua maseneta wao na kuwatuma kabla ya kuruhusiwa. Tennessee ilifanya hivyo ikaingia mwaka 1796, na Alaska ikaiga mwaka 1956. Puerto Rico ilichagua wajumbe sita wa aina hiyo Mei 2021, na Kongresi haikuwapa viti.

Kura inayostahili kungojewa, basi, ni ile itakayokuja ikiwa na sheria iliyokwisha kusainiwa nyuma yake, iliyoandika kwa kila njia tarehe ya kuanza, ratiba ya kodi mwaka kwa mwaka, hatima ya uraia wa watakaozaliwa, na siku ambayo la Junta itafunga ofisi.